Daftari la pili chini ya kaunta

Chini ya kaunta ya duka langu, hapa Makorora, Tanga, kuna madaftari mawili. La kwanza, jeusi, ni la madeni, na nusu ya mtaa imo humo. La pili, jekundu, ni daftari la kawaida la shule, lina jina moja tu, langu. Tangu Februari 2024 nimeandika humo kila kilichopita kinywani mwangu, ukiacha siku nitakazozieleza.

Nilianza nikiwa na kilo 91 kwa urefu wa sentimita 160. Nilipimiwa kwa jirani yangu muuza nafaka, kwenye ile mizani ya chini anayopimia magunia. Akachungulia namba, akacheka: "Mama Duka, zimebaki kilo tisa uwe gunia." Juni 2025 nilipanda tena, ikasoma 74. Akapiga hesabu zake za nafaka, gunia ni debe sita, akatangaza mbele ya wateja kwamba nimeshusha debe zima la mahindi. Sikununa. Ni hesabu sahihi kabisa.

Watu wananiuliza nimetumia dawa gani. Nikiwaambia nakula chapati wanadhani nawaficha.

Dawa nilishazitumia huko nyuma, na tiba za mtandaoni pia. Mwaka 2023 magoti yalikuwa yakiniuma nikipanda ngazi tatu tu za barazani, na kliniki wakanikuta na presha ya 150 kwa 95. Muuguzi akaniambia, "Mama, punguza mwili." Unapunguzwaje, hakusema, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nikaanza na diet ya mayai: mayai asubuhi, mayai mchana, tango usiku. Siku ya tisa jirani alikuwa anachoma chapati, harufu ikaingia dukani, machozi yakanitoka mbele ya mteja. Nikahamia kwenye majani ya kupunguza tumbo, yale ya vipakiti vinavyouzwa kwa kunong'onezana. Hayo sitayaeleza sana. Nilikuwa nafunga duka mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na kilichopungua ni maji tu.

Mwisho nikaacha wanga. Hakuna ugali, hakuna wali, hakuna muhogo, hakuna ndizi. Unaishi Tanga, halafu huli muhogo! Nilivumilia wiki saba, nikashuka kilo sita, nikajiona nimefika. Halafu ikaja harusi ya upande wa mume wangu kule Muheza. Pilau la kwanza nilikula kwa aibu, la pili sikumbuki nililalaje. Ndani ya miezi miwili kilo sita zilirudi na zikaja na wageni wawili.

Kilichonifungua macho hakikuwa mtaalamu. Ilikuwa sukari. Wenye maduka wanaikumbuka Januari na Februari ya 2024: mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, viwanda vikasuasua, na kilo ya sukari ikapanda mpaka 4,000 na zaidi. Mimi nilikuwa naipata kwa mafungu na kuigawa robo robo ili kila mteja apate. Siku moja nikaona kwamba kilo niliyoitenga kwa ajili ya nyumbani Jumatatu ilikuwa imekwisha Alhamisi asubuhi. Tuko watano. Nikajua kuna mwizi. Nikaanza na mimi mwenyewe.

Mizani yangu ya dukani inasoma kwa gramu tano tano, kwa hiyo kijiko kimoja haikisomi vizuri. Nikachota vijiko kumi vya chai kama ninavyochota kila siku, vyenye kilima juu, nikamwaga kwenye bakuli: gramu 75. Kikombe changu kilikuwa kinakula vijiko vitatu, na nilikuwa nakunywa vikombe vitano kwa siku, kwa sababu dukani unakaa tu na chupa ya chai ipo. Piga hesabu. Ni zaidi ya gramu 110, karibu nusu ya ile robo ninayompimia mteja, kwa mtu mmoja, kwa siku moja, na sijala bado.

Nilisimama pale nikiwa na kijiko mkononi. Miaka kumi na moja nimepima kila kitu kinachotoka kwenye duka hili, mteja akipunjwa hata gramu ishirini anarudi na mfuko wake. Lakini kinachoingia tumboni mwangu hakuna siku kilipita juu ya mizani.

Mtoto wa dada yangu anasoma chuo. Nilipomsimulia akanitumia kwa WhatsApp majedwali ya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard. Nilishukuru, maana programu aliyoniwekea kwenye simu kabla ya hapo iliijua pizza ya kila namna lakini kisamvu haikukijua. Akanifundisha na namba tatu ambazo mwanasayansi Mmarekani, Wilbur Atwater, alizipata mwishoni mwa karne ya 19 na bado ndizo zinazotumika: gramu ya wanga kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Nimeziandika kwa maka peni ukutani jikoni. Mume wangu alidhani ni namba za simu.

Sukari yangu ya chai peke yake ilikuwa kalori 450.

Halafu nikapima mafuta, na hapo ndipo nilipokaa chini. Nilikuwa najisifu kwa mboga za majani. Mchicha, nasema, kila siku mchicha, mbona sipungui? Jioni ile nikaweka chupa ya mafuta kwenye mizani kabla ya kupika, nikapika kama kawaida, kwa jicho, nikairudisha. Imepungua gramu 90. Mara tisa ni kalori 810, kwenye sufuria ya mchicha wa mafungu mawili. Mchicha wenyewe hata 100 haukufika. Kwa hiyo watu watano tulikuwa tunakula mafuta yaliyopambwa kwa majani. Na usisahau kwamba sahani ya mpishi huwa ndiyo inayofuta sufuria.

Ugali ndio niliokuwa nimeufukuza nyumbani kama mchawi. Nikaupima nao. Nusu kilo ya unga wa sembe ina kama kalori 1,800. Ukishapikwa, ugali wote ulikuwa na gramu 1,500, kwa sababu maji yana uzito lakini hayana kalori. Kipande changu cha gramu 350 kikatoka 420. Chapati zangu: kilo ya ngano na gramu 200 za mafuta, zinatoka kumi na nne, kila moja ni kama 385. Yaani chapati moja inakaribia ugali wa sahani nzima, na mimi nilikuwa nimeacha vyote viwili, halafu nashushia chai ya vijiko vitatu kwa sababu "chai si chakula".

Basi nikajipangia bajeti. Kwa umri wangu, uzito na kazi ya kukaa na kusimama dukani, hesabu ilionyesha natumia kama 2,150 kwa siku. Nikajiwekea 1,700. Sikukata kitu chochote. Nilijiambia kila kitu kinauzwa, ila kina bei. Chapati ipo, 385, unaitaka? Siku nyingine naitaka. Siku nyingine naangalia bei naona heri samaki wa kuchoma na ugali, na bado inabaki chenji ya chungwa.

Njia yenyewe haina siri. Kila sufuria yangu ina uzito wake umechorwa kwa msumari chini ya mpini. Napima vinavyoingia vikiwa vibichi, naandika kalori zake, najumlisha. Chakula kikiiva naweka sufuria yote kwenye mizani, natoa uzito wa sufuria, nagawanya. Nikipakua robo ya uzito, nimekula robo ya kalori. Mwezi wa kwanza ilinichukua dakika kumi na tano kila mlo. Sasa hivi maharage yangu nayajua kama ninavyomjua mdaiwa sugu.

Nilikosea pia, na kosa moja lilinitia adabu. Nilichukua pakiti ya biskuti pale pale rafuni, nikasoma nyuma, gramu mia zina 2,000 na kitu. Nikashtuka. Nilikuwa nimekwisha kula nusu pakiti asubuhi, nikaandika 1,000, nikashinda na maji mpaka magharibi. Kichwa kikaniuma, nikamgombeza kijana wa dukani bila kosa. Usiku ndipo mtoto wa dada akaniambia, "Mama mdogo, hizo ni kilojuli. Gawanya kwa 4.2." Kalori zilikuwa mstari wa chini yake, kwa maandishi ya sisimizi. Siku iliyofuata nilimnunulia yule kijana soda. Soda ya mililita 350, kama 150, nikaiangalia ikishuka kwenye koo lake bila wivu. Siku hizi mtaani ukishika soda lazima mtu akutajie Profesa Janabi, yule daktari wa moyo anayeonya watu kuhusu sukari, basi akatajiwa naye.

Miezi miwili ya mwanzo ilikwenda vizuri mno, ukiacha Ramadhani, ambayo naifikia. Kisha Juni 2024 ikagoma. Wiki tatu namba haisogei, na daftari langu linasema 1,700, 1,680, 1,710. Muuza nafaka akasema mizani yake haiongopi, basi anayeongopa ni daftari. Niliudhika, lakini nikafanya jaribio. Nikaweka kikombe kitupu kwenye kaunta. Kila nilichotaka kudokoa nikatia humo badala ya mdomoni: karanga za kwenye mtungi, kipande cha biskuti iliyovunjika isiyouzika, kashata iliyomomonyoka, nusu andazi aliloacha mwanangu wa mwisho. Hadi saa moja jioni kikombe kilijaa na sahani ya chini ikahitajika. Karanga peke yake gramu 60, ambazo ni kalori 340. Vyote pamoja vilipita 600. Nilikuwa nakula mlo mzima wa nne kila siku nikiwa nimesimama, na kwa sababu nilikuwa nimesimama haukuhesabiwa.

Sasa Ramadhani. Mwaka 2024 mfungo ulianza katikati ya Machi, mimi nina mwezi mmoja na daftari. Nikaliweka kando. Nani anahesabu kalori wakati anafunga kutwa nzima? Watu wa pwani mnajua futari zetu. Tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, maharage ya nazi, tambi za sukari, kaimati zinazoogelea kwenye shira, na juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari mpaka ukwaju ukasahaulika. Baada ya tarawehe, chakula chenyewe. Halafu daku. Idd ilipofika nilikuwa nimeongezeka kilo mbili na nusu, nami niliona fahari kwamba sikuacha hata funga moja.

Ramadhani ya 2025 nilikuwa na daftari tangu siku ya kwanza. Sikuondoa futari, maana nani ataondoa muhogo wa nazi kwenye jamvi la watu? Nilipunguza nazi. Nazi kubwa yenye nyama gramu 400 ina kama kalori 1,400, ingawa machicha yanabaki na sehemu yake, nami nilikuwa nakuna mbili kwa sufuria moja. Nikakuna moja, tui jepesi la kupikia na kikombe kidogo cha tui zito la kumalizia juu. Mama mkwe alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Nazi zimepanda bei?" akauliza. Nikasema, "Kidogo, mama." Mwenyezi Mungu anisamehe. Kaimati nilihesabu tatu kwenye kisahani changu na sikurudi kwenye bakuli. Idd nimefika na uzito ule ule, na hilo kwangu lilikuwa zaidi ya kupungua.

Kitu ambacho sikukitarajia ni maneno ya watu. Kwetu mtu akinenepa anasifiwa kwamba ametulia. Akikonda, kila mmoja ana jibu lake. Nilipofika kilo 80 wateja wakaanza kununua chumvi huku wananitazama shingo. Wifi yangu alipiga simu kutoka Korogwe kumuuliza kaka yake kama tuna amani ndani ya nyumba. Mama yangu mzazi ndiye aliyeniumiza. Alikuja bila taarifa, akakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya gunia la mchele, akasubiri mteja wa mwisho aondoke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa. Kama umepima na majibu si mazuri, niambie. Siku hizi dawa zipo, watu wanaishi."

Nikatoa daftari jekundu. Nikamsomea ukurasa wa jana: uji kikombe kimoja, yai, ugali, dagaa, mchicha, embe. Mama hakuamini kwamba mtu mzima anaandika embe. Nikapima embe lingine mbele yake. Akauliza na lile nililomenya likiwa na kokwa nimelihesabuje, swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. (Unapima kokwa na maganda baada ya kula, unatoa.) Aliondoka akiwa nusu ameridhika, na jioni akanitumia nazi nne kwa dereva wa bodaboda.

Mdogo wangu, ambaye ana kisukari na anachoma insulini, alinukuu hesabu zangu akataka aanze kesho. Huyo nilimkatalia. Bajeti yangu si kipimo cha mwingine, na anayetumia dawa za namna ile akipunguza chakula kwa kubahatisha sukari inaweza kushuka akaanguka. Nilimpeleka kliniki kwanza, wakampangia yake. Hata mimi dawa yangu ya presha siipunguzi bila kuwauliza. Walinipunguzia wao, baada ya vipimo vitatu mfululizo kuwa vizuri.

Na niseme kingine ambacho namba peke yake hazikunionyesha. Kalori 400 za maandazi mawili na chai zilikuwa zinaniacha na njaa kabla ya saa tano. Kalori 400 za maharage na kipande cha ugali zinanifikisha saa nane nikiwa na akili zangu. Mwanzoni nilikuwa naitumia bajeti kama mtoto aliyepewa hela ya sikukuu, asubuhi imekwisha. Usiku nalala nikisikia tumbo likinidai. Nilijifunza taratibu kununua vinavyokaa: dagaa, samaki, maharage, mtindi, mboga nyingi kwa vijiko viwili vya mafuta badala ya kumimina. Vijiko viwili vikubwa ni kama 250 kwa sufuria yote. Mchicha haujawahi kulalamika.

Kuna kurasa tupu. Siku kumi na moja za Oktoba 2024, tulipofiwa na baba mkwe. Kwenye msiba unakula kinachopakuliwa, tena sinia moja na watu sita, na mwenye kupima tonge lake pale nitamshangaa. Niliporudi nilikuta kilo moja na nusu juu. Nikafanya jambo la kijinga, nikataka kulipa deni kwa mkupuo, 1,000 kwa siku kwa wiki nzima. Siku ya nne usiku nilikula mkate mzima na siagi, nimesimama gizani jikoni. Nimeuandika mkate ule. Upo, mistari miwili, na wino umechafuka.

Kwenye daftari jeusi deni halifutwi mpaka lilipwe, hata liwe la kiberiti. Kwenye jekundu nimejiwekea sheria nyingine: ukurasa wa jana haudai ukurasa wa leo. Ilinipa tabu kuikubali, mimi mtu wa duka. Lakini tangu niikubali sijala mkate mzima.

Karatasi inasema kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, hivyo kwa bajeti yangu ningepaswa kushuka karibu kilo mbili kila mwezi. Mwanzo ilikuwa hivyo. Sasa ni nusu kilo, mwezi mwingine robo, kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo. Nilifikiria kushusha bajeti nikaona sina haraka. Magoti yanapanda ngazi za barazani, na yameacha kuwa kisingizio cha kutompeleka mwanangu shule.

Kijana wangu wa dukani ana miaka ishirini na mbili na mwili kama ufito. Juzi mchana alirudi na zege lake, yaani chipsi mayai, kwenye mfuko, lina moto, akaliweka juu ya kaunta. Nilikuwa nimeshavaa miwani.

"Mayai mawili?" nikamuuliza.

"Mama, naomba usinipimie."

"Sikupimii. Nauliza tu."

Akala kimya, ananitazama kwa jicho la pembeni. Alipobakiza robo akasimama, akavuta mizani karibu na sahani, akasoma, akanigeukia.

"Hii iliyobaki ni ngapi?"

Nikamwambia kama mia mbili na ushee. Akafikiri kidogo, akaimalizia.